Mkunga anamwiga nyoka gani?

Kuna hadithi moja ya bahari ambayo imezunguka sana: kwenye vitabu vya picha vya wapiga mbizi, kwenye filamu za wanyama, na siku hizi kwenye video fupi zilizowekewa sauti ya Kiswahili juu yake. Inakwenda hivi. Kuna samaki mrefu, mweupe, mwenye pete nyeusi kuanzia kichwani hadi mkiani. Anaishi ndani ya mchanga. Hana sumu, hana miiba, na hata meno yake ni butu. Basi ili asiliwe, amejifananisha na nyoka wa baharini mwenye sumu kali, ambaye naye ana pete kama hizo hizo. Adui akimwona anadhani ni nyoka, anageuka na kwenda zake. Halafu zinawekwa picha mbili, samaki kushoto na nyoka kulia, na mtazamaji anabaki anasema aisee.

Sina ugomvi na samaki. Ugomvi wangu ni na hadithi, tena na namna inavyosimuliwa kwetu sisi wa Afrika Mashariki, kwa sababu ina tundu kubwa katikati na karibu kila anayeisimulia analiruka. Nyoka anayetajwa hayupo katika bahari yetu.

Tuanze na samaki mwenyewe, maana anastahili. Jina lake la kisayansi ni Myrichthys colubrinus. Alielezwa kwanza na Mholanzi Pieter Boddaert mwaka 1781, na hilo neno la pili ni Kilatini lenye maana ya "wa kama nyoka". Kwa Kiswahili cha pwani samaki warefu wa namna hii huitwa mkunga, wawe wa mawe au wa mchanga. Hapo wasomaji wetu wa bara wanapata kikwazo kidogo: ukisema "mkunga" Ngara mjini au Biharamulo, anayekuja akilini ni mama anayezalisha, na sentensi kama "mkunga amejifukia mchangani akabakiza kichwa" inaleta taharuki isiyo ya lazima. Kwa hiyo humu nitamwita mkunga wa pete, tuelewane.

Yuko katika familia ya Ophichthidae, yenye spishi zaidi ya 300, na nyingi kati ya hizo kazi yao ni moja: kuishi chini ya mchanga. Wanachimba kinyumenyume. Ncha ya mkia wa mkunga wa pete haina pezi, ni ngumu na imechongoka, na anaitumia kama msumari. Akishtuka, mkia unaingia kwanza, mwili unafuata kwa mawimbi, na kichwa kinazama mwisho. Ngozi haina magamba na imejaa ute, kwa hiyo mchanga haumkwaruzi. Pua zake zimekuwa vijibomba viwili vinavyoelekea chini, juu ya mdomo, kwa sababu chakula chake anakitafuta kwa harufu: anapita juu ya mchanga na majani ya bahari, anaingiza kichwa kwenye kila shimo, anatoa kaa au kisamaki. Anaweza kukaribia urefu wa mita moja, unene wa kidole gumba au zaidi kidogo. Usimchanganye na wale wakunga wa bustani, ambao wanasimama nusu mwili nje ya mashimo yao kama mashina ya mtama na kula vijidudu vinavyopita na mkondo. (Hao ndio ambao mwaka 2020, wakati wa corona, hifadhi ya samaki ya Sumida huko Tokyo iliomba watu wawapigie simu za video, maana walikuwa wameanza kusahau sura za binadamu na kujificha kila mfanyakazi akipita. Ni kweli kabisa.)

Jambo moja ambalo hadithi inaliweka sawa ni ujasiri wake. Samaki wa mchangani wengi ukiwakuta nje wana haraka ya kurudi ndani. Mkunga wa pete huonekana wakati mwingine mchana kweupe, kwenye maji ya magotini, anatambaa taratibu juu ya majani ya bahari kama mwenye shamba. Mtu akimwona hivyo lazima ajiulize: huyu anajiamini nini? Swali hilo ni halali, na ndilo lililozaa hadithi. Shida iko kwenye jibu.

Nyoka anayetajwa anaitwa Laticauda colubrina. Ana pete nyeusi juu ya mwili wa buluu ya kijivu, mkia bapa kama kasia, na sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Anawinda baharini, lakini anarudi nchi kavu kupumzika na kutaga mayai. Anapatikana upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, kuanzia Ghuba ya Bengal, kupitia Thailand, Indonesia na Ufilipino, hadi visiwa vya magharibi ya Pasifiki. Katika pwani ya Afrika Mashariki, yaani Lamu, Tanga, Unguja, Pemba, Mafia, Mtwara, hayupo. Nyoka wa baharini anayefika kwetu ni mmoja tu, Hydrophis platurus, naye ni mweusi mgongoni na njano tumboni, hana pete, na maisha yake yote anaelea kwenye maji ya juu ya bahari kuu. Hatambai kwenye majani ya bahari. Huyo na mkunga wa pete wanafanana kama kanga na bata.

Sasa chukua ramani ya mkunga wa pete mwenyewe. Anaanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, anakwenda hadi katikati ya Pasifiki. Bahari ya Shamu haina hata huyo nyoka mmoja wa kwetu. Nyoka wa baharini wenye pete walio karibu nasi zaidi ni wale wa Ghuba ya Uajemi na bahari ya Oman, ambao ni jenasi nyingine, na hawashuki hadi huku. Kwa hiyo kuna maelfu ya kilomita za pwani ambako mwigaji yupo na anayeigwa hayupo.

Kwa nini hilo ni tatizo? Kwa sababu uigaji wa aina hii una masharti. Mwingereza Henry Walter Bates alikaa Amazoni miaka 11 akikusanya vipepeo, na mwaka 1862 akachapisha maelezo yake: kipepeo mtamu anapona kwa kufanana na kipepeo mchungu, kwa sababu ndege aliyewahi kuonja mchungu hataki kurudia. Hebu soma tena hiyo sentensi. Kiungo chake ni ndege aliyewahi kuonja. Mtoto ambaye hajawahi kuumwa na nyuki, wala kuona mtu akiumwa, hana sababu ya kumkimbia inzi mwenye mistari ya njano. Ukiondoa nyuki, mistari inabaki urembo tu, au mbaya zaidi, inabaki tangazo: niko hapa, njoo unile.

Hili si suala la nadharia tupu, limepimwa. Mwaka 2001 David Pfennig na wenzake walichapisha katika jarida la Nature jaribio walilolifanya Marekani. Huko kuna nyoka wa marijani, mwenye pete nyekundu, njano na nyeusi, na sumu kali. Kuna pia nyoka wasio na sumu wanaofanana naye. Watafiti walifinyanga nyoka bandia kwa udongo wa kuchezea, wengine wa pete, wengine wa mistari mirefu, wengine wa rangi moja, wakawasambaza porini, kisha wakahesabu alama za meno na kucha. Kwenye maeneo yenye nyoka wa marijani halisi, nyoka bandia wa pete walishambuliwa kidogo kuliko wenzao. Nje ya maeneo hayo kinga ikapotea. Yaani uigaji unafanya kazi pale mwenye sumu anapoishi, na ukivuka mpaka wake unaisha nguvu.

Weka matokeo hayo juu ya ramani ya mkunga wetu, uniambie hadithi inasimamaje Unguja.

Nilikutana na hadithi hii mahali ambapo sikuitarajia, kwenye notisi za baiolojia zilizodurufiwa, katika sekondari moja ya Ngara nilikokuwa kwa mazoezi ya kufundisha. Chini ya kichwa "uigaji" kulikuwa na mfano mmoja tu: samaki wa mchangani anayemwiga nyoka wa baharini "katika Bahari ya Hindi". Darasa zima lilikuwa limekariri. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyo nyoka anapatikana Tanga au Dar?" Hakuwa anatega. Alikuwa na shangazi Tanga. Lakini ndilo swali ambalo mwandishi wa notisi alipaswa kujiuliza kabla ya kuandika "Bahari ya Hindi", na pengine watengeneza filamu pia.

Fikiria hao wanafunzi walipo. Kutoka Ngara hadi bahari ya Tanga kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 1,000, na kwa basi ni zaidi sana. Hata maji yao hayaendi huko. Ruvubu inaingia kutoka Burundi, inaungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, Kagera inamwaga Ziwa Victoria, ziwa linamwaga Nile, na Nile inakwenda zake Mediterania. Mito yetu inayoelekea Bahari ya Hindi, kama Pangani na Rufiji, ina mikunga halisi wa maji baridi, wanaokulia mtoni na kushuka baharini kuzaa. Kagera haina. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ngara hana njia yoyote ya kuikagua hadithi ya mkunga kwa macho yake. Anapewa aamini. Na mtu anayepewa mfano wa kuamini tu, bila uwezekano wa kuuliza "wapi?", hajafundishwa sayansi, amefundishwa ngano yenye majina ya Kilatini.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mfano wa uigaji ulikuwa hapo hapo shuleni, kwenye nyasi nyuma ya vyoo. Nyoka mla mayai, jenasi Dasypeltis, hana sumu na karibu hana meno kabisa. Chakula chake ni mayai ya ndege: anameza yai zima, anapasua ganda kwa miiba ya uti wa mgongo inayotokeza ndani ya koo, kisha anatema maganda. Lakini rangi yake ya kahawia yenye mabaka inafanana na ya nyoka wa jamii ya vifutu, hasa yule mdogo anayeitwa Causus rhombeatus. Ukimtisha anajikunja, anasugua magamba ya ubavuni mpaka yanatoa mlio wa kufoka, anarusha kichwa kana kwamba ana kitu cha kukuchoma. Carl Gans aliandika kuhusu uigaji wa nyoka hawa mwaka 1961. Mwigaji na waigwa wako nchi moja, nyasi moja, mwewe mmoja juu yao. Masharti ya Bates yote yametimia. Na mtoto wa Biharamulo tayari anamjua, kwa jina la nyumbani, na anajua pia kwamba kwa binadamu uigaji huo una gharama yake, maana panga halina muda wa kukagua meno.

Au vipepeo. Kuna kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mbawa na madoa meupe, Danaus chrysippus, anayepepea taratibu karibu kila kona ya Tanzania. Mwili wake una sumu anayoipata, akiwa kiwavi, kwenye mimea yenye utomvu mweupe. Jike la Hypolimnas misippus, kipepeo wa familia ndogo nyingine kabisa, linafanana naye hadi unachanganyikiwa, ilhali dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe. Miaka ya 1970 David Smith aliwachunguza vipepeo hao Dar es Salaam na kuchapisha kazi zake. Tuna utafiti uliofanyika nchini, juu ya wadudu wanaoruka dirishani mwa darasa, halafu notisi zinakwenda kuazima nyoka wa Indonesia!

Na kama mwalimu anataka lazima mfano utoke baharini, upo, na uko upande wetu. Bunju (samaki, siyo mtaa) wana sumu inayoua, kila mvuvi anajua. Mmoja wao ni mdogo, mwenye tandiko nyeusi mgongoni, Canthigaster valentini. Samaki wa jamii ya kikande, Paraluteres prionurus, asiye na sumu, ana umbo na matandiko hayo hayo. Utamtambua kwa mapezi tu. Wote wawili wanapatikana pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Julian Caley na Dolph Schluter walichapisha jaribio walilofanya kwenye matumbawe ya Australia kwa kutumia samaki wa bandia, wakaonyesha kwamba samaki wawindaji wanakwepa mifano inayofanana na bunju, na kadiri mfano unavyofanana naye zaidi ndivyo unavyokwepwa zaidi. Mfano mzuri, uliopimwa, wenye pande zote mbili. Sijui kwa nini haukupata umaarufu. Nadhani ni kwa sababu hauna neno "nyoka".

Sasa niitendee haki hadithi, maana sitaki kuipiga teke bila kuisikiliza. Mtetezi wake anaweza kusema: sawa, nyoka hayupo Zanzibar, lakini samaki amezaliwa wapi? Hapo ana hoja. Watoto wa mikunga hawafanani kabisa na wazazi. Wanaitwa leptosefali: bapa kama jani, wanapenyeka mwanga kama kioo, na wanaelea na mikondo kwa muda mrefu kabla ya kugeuka kuwa mikunga. Mkondo wa Ikweta ya Kusini katika Bahari ya Hindi unatoka mashariki kwenda magharibi, kuelekea kwetu. Inawezekana pete zilichongwa na uteuzi asilia huko Indonesia, ambako nyoka yupo, na zikasafiri na watoto, kizazi baada ya kizazi, hadi huku ambako hazina kazi. Kama hivyo ndivyo, mkunga wa Unguja amevaa sare ya jeshi lisilo na kambi hapa.

Anaweza pia kusema kwamba kutokuwepo kwa mwenye sumu si lazima kufute uigaji mara moja. Kwenye eneo moja la North Carolina nyoka wa marijani alitoweka karibu mwaka 1960, na Christopher Akcali akiwa na Pfennig waliporudi kupima waigaji wake waliokusanywa miaka iliyofuata, waliwakuta wamezidi kufanana naye, siyo kupungua. Matokeo ya ajabu, yaliyochapishwa 2014. Uteuzi wakati mwingine una mwendo wake kama gari lililokatwa breki. Lakini hapo tunazungumzia miongo michache, siyo bahari nzima ambayo nyoka huyo haishi.

Mimi hoja inayonivutia zaidi ni nyingine, na haina nyoka ndani yake. Pete nyeusi juu ya mwili mweupe, ndani ya majani ya bahari yanayochezacheza kwenye mwanga wa jua, zinavunja umbo. Jicho la kole kole au chewa halioni kitu kimoja kirefu, linaona vipande. Pundamilia wa Burigi-Chato wanatoa mjadala wa namna hiyo hiyo na hakuna anayesema wanamwiga mtu. Tena angalia ndugu wa mkunga wa pete: Myrichthys maculosus, anayeishi bahari hizi hizi, ana madoa ya mviringo badala ya pete, hafanani na nyoka yeyote, na anaendelea vizuri na maisha. Ng'ambo kwenye Atlantiki kuna Myrichthys wengine wenye madoa, katika bahari isiyo na jamii ya nyoka wa baharini wanaoishi humo. Hata kati ya mikunga wa pete wenyewe, wengine wana madoa meusi katikati ya pete. Ukiwapanga wote mstari mmoja unaanza kuona familia inayocheza na weusi na weupe kwa njia nyingi, na njia moja kati ya hizo ikatokea kufanana na nyoka wa mbali. Huenda huko mashariki kufanana huko kukaleta faida. Huku kwetu nasita.

Nikiwa mkweli, hadithi ya nyoka inashinda kwa sababu inaingia kwenye picha mbili. Maelezo ya kuvunja umbo, ya mikondo na leptosefali, yanahitaji dakika kumi na ramani. Na ramani zipo, hilo ndilo linalouma. J. L. B. Smith, yule mkemia wa Rhodes aliyegeuka mtaalamu wa samaki na kumwelezea silakanti mwaka 1939, alichapisha mwaka 1962 kijitabu kizima kuhusu mikunga wa mchangani wa magharibi ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Mwongozo wa Matthew Richmond wa viumbe wa pwani ya Afrika Mashariki, uliotoka kwanza 1997, umelala kwenye maktaba kadhaa za vyuo vyetu. Mwaka 2022 vilitoka vitabu vitano vya Coastal Fishes of the Western Indian Ocean kutoka Afrika Kusini, vinapakuliwa bure, na kila spishi imeandikiwa inapatikana nchi zipi. Vyote kwa Kiingereza, vyote vizito, na vya mwisho vinakula bando la mwezi mzima. Hadithi imetafsiriwa, ramani haijatafsiriwa. Ndiyo maana mwandishi wa notisi wa Ngara alipata nyoka na hakupata mpaka wa nyoka.

Ugonjwa huu hauko kwa mkunga peke yake. Angalia kamongo, ambaye kwa watu wa kanda ya ziwa si mfano wa kitabuni bali ni kitoweo. Vitabu vinasema kamongo hujichimbia matopeni wakati wa kiangazi, anajifunga kwenye ute unaokauka kama mfuko, anasubiri mvua. Ni kweli kwa kamongo wa Afrika Magharibi, Protopterus annectens, anayeishi kwenye mabwawa yanayokauka. Kamongo wa Ziwa Victoria na mabwawa ya Kagera ni Protopterus aethiopicus. Uwezo huo anao, lakini ni nadra kuutumia, kwa sababu maji yake mengi hayakauki. Mvuvi akimsikia mwanafunzi akikariri kwamba kamongo hulala ardhini miezi yote ya kiangazi, atacheka, kisha atamuuliza jana walikula nini.

Kwa upande wa pwani kuna hasara ya namna nyingine. Kigamboni nimemkuta mkunga wa pete amepondwa kichwa ufukweni, na maelezo niliyopewa yalikuwa mafupi: "Nyoka huyo, tena wa sumu, tumeona kwenye simu." Kwa hiyo hadithi iliyokusudiwa kueleza jinsi samaki anavyoponea imekuwa sababu ya yeye kufa. Kumtofautisha si kazi ngumu. Mkia wa nyoka wa baharini ni bapa kama kasia. Wa mkunga umechongoka. Mkunga ana pezi fupi linalokwenda mgongoni kama ukingo wa nguo, linaanzia kichwani, na ngozi yake ni laini bila magamba. Ukiwa Unguja au Bagamoyo na ukaona pete, huhitaji hata kufika huko kwenye mkia, maana nyoka wa pete hana makazi hapo.

Kuna jaribio ambalo mtu wa shahada ya uzamili anaweza kulifanya kwa misimu miwili ya bamvua, na nashangaa halijagombaniwa. Tengeneza mikunga ya bandia ya mpira laini: ya pete, ya madoa, na myeupe mitupu. Itandaze kwenye majani ya bahari Unguja, kisha mwenzako aitandaze hivyo hivyo Indonesia, mahali nyoka anapoishi. Kama hadithi ni ya kweli kila mahali, ya pete itakwepwa pande zote mbili. Kama ni ya kule tu, huku itaumwa sawa na myeupe. Na kama kazi ya pete ni kuvunja umbo, itapona pande zote, lakini ya madoa nayo itapona. Gharama yenyewe ni mpira, rangi nyeusi isiyotoka kwenye chumvi, nauli ya boti, na mtu mvumilivu wa kuhesabu alama za meno.